Futari Iliyorudi

Kitu cha kwanza alichokiona Ruweida ni ufuta. Alikuwa amefunua sahani iliyorudi kutoka kwa Bi Salha, jirani wa mlango wa pili, akitaraji kukuta sambusa au kipande cha mkate wa sinia, maana hapa Bondeni, mwezi wa Ramadhani, sahani ya jirani hairudi tupu. Akakuta kaimati. Kaimati zenye ufuta juu, zile zile alizozikaanga mwenyewe alasiri. Hata moja haikuguswa.

Alidhani zimeharibika. Akaonja kwa ncha ya ulimi kisha akatema, kwa kuwa adhana ya magharibi ilikuwa bado. Shira ilikuwa sawa, hamira ilikuwa sawa. Kesho yake mbaazi za nazi zikarudi vivyo hivyo, kutoka nyumba nyingine. Ruweida hakuuliza. Hakuwa mtu wa kuuliza. Aliosha sahani akazifuta.

Aliyemwambia ni Nekesa, mpangaji wa chumba cha chini, karani wa ofisi moja huko bandarini. Nekesa ni mtu wa bara, Mkristo, lakini futari hajaikosa hata jioni moja.

"Kwani wewe hujaona picha ya kakako?" alisema, akitoa simu.

Jimbo la Marekani analokaa Riyadh, kaka yake anayewatumia pesa za chakula, lilikuwa limepitisha sheria: mtu mzima yeyote anunue bangi, avute kwa raha zake, si mpaka awe mgonjwa. Maduka yalifunguliwa, na Riyadh akapata kazi katika duka mojawapo. Kwenye picha alikuwa amevaa aproni ya kijani, anacheka, na nyuma yake mitungi ya vioo imepangwa kama ya bizari pale sokoni Marikiti. Mlangoni watu wamejipanga foleni, hata mabibi wenye bakora. Chini yake Riyadh alikuwa ameandika: *Kazi mpya. Alhamdulillahi.*

"Angeiacha hiyo Alhamdulillahi," alisema Nekesa, "wangesema siku mbili wakachoka. Sasa hapo ndipo alipowachoma."

Ruweida alirudisha simu. Akakumbuka kuwa maziwa ya uji wa mama yamekwisha, akajifunika buibui akatoka.

Kwenye baraza la njiani wanaume walikuwa wamekaa wakingoja adhana, midomo imewakauka kwa saumu lakini maneno hayajawaishia.

"Kule wapewa risiti," alisema Fondo, fundi cherehani, "huku wapewa pingu. Na bangi ni ile ile."

"Iliyohalalisha ni serikali yao," mzee mmoja akamjibu. "Mola hajahalalisha."

"Na wewe Fondo," akadakia Kazungu, muuza viatu vya mitumba, "hilo shavu lifuralo kwa miraa kila ukitoka tarawehe, limehalalishwa na nani?"

"Miraa yaniondoa usingizi, bwana! Mimi nashona nguo za Idi!"

Wakacheka. Kisha wakamwona Ruweida.

"Dada Ruweida," alisema Kazungu, "twasikia mwaka huu kwenu mwafuturu moshi."

"Hebu mwache mtoto wa watu," alisema yule mzee. "Yeye amekosa nini?"

Ruweida aliinamisha uso akapita. Habari ilikuwa hiyo hiyo kila alipokwenda. Asubuhi ile huko Marikiti, mwanamke mmoja alikuwa akiapa kwamba yakianza Ulaya na Marekani hayakawii kufika hapa, na watoto wetu watakwisha. Mwenzake muuza vitunguu akasema na yafike, upesi, maana mwanawe yuko rumande kwa kipande cha bangi kisichotosha hata kuwashia jiko. Walikuwa karibu kushikana nywele. Ruweida aliwasikia wote kama mtu asikiaye mvua akiwa ndani ya nyumba inayovuja. Yeye alikuwa akifikiria shuka: alizokwisha kufua, na alizoacha kwenye karai.

Aliporudi na maziwa alimkuta Bi Salha akitoka chumbani kwa mama.

"Nimekuja kumpa pole tu mamako," alisema Bi Salha. "Ni vizuri ajue kutoka kwa mtu ampendaye."

Ndani, Bi Mejumaa alikuwa amelala akielekea ukutani. Kiharusi kilimchukua upande mzima wa kushoto miaka mingi nyuma. Tangu hapo Ruweida ndiye amgeuzaye, amwoshaye na amlishaye. Jioni ile mama hakufungua kinywa kula. Asubuhi yake pia hakula.

"Uji huu wa pesa za nani?" aliuliza, na maneno yake yalitoka mazito, nusu ya mdomo.

"Kula, mama. Hii ni dawa ya presha, na dawa hailiwi na tumbo tupu."

"Na dawa ya pesa za nani?"

Ruweida akamwambia uji umetoka kwa Nekesa.

"Usinidanganye. Sufuria yetu naijua kwa harufu. Mimi mwili wangu haujala haramu, na sasa nimekaribia kaburi ndio nianze?"

Ilipofika magharibi ya siku ya pili midomo ya Bi Mejumaa ilikuwa imepasuka. Daktari alikwisha kuwaambia, tena mbele ya Nekesa: akiacha dawa, kiharusi cha pili hakitamwacha. Ruweida alifuturu kwa tende na maji, akapasha uji, akaketi kitandani. Ndipo simu ikalia. Kwa Riyadh ilikuwa asubuhi. Ruweida aliiweka simu kitandani, sauti juu, wote wasikie.

"Mama, nisikilize," alisema Riyadh. "Huku ni sheria. Nalipa kodi. Polisi waja dukani kununua, wallahi. Mimi sivuti, nauza tu."

Bi Mejumaa hakugeuka.

"Mama, nilikuwa nabeba masanduku kwenye baridi usiku kucha. Mgongo umekufa. Wataka nirudi kule?"

Bi Mejumaa alivuta shuka mpaka begani.

"Ruu, wewe je? Mbona husemi kitu?"

Uji ulikuwa umeanza kufanya utando. Siku zote Riyadh akipiga simu, Ruweida hujibu, "Sisi wazima, alhamdulillahi," akampa mama simu, akaenda kufua. Leo miguu ilikataa kuinuka.

"Mama, ukianguka tena," alisema kwa sauti ndogo, "Bi Salha atakuletea pole. Msikitini watakuletea dua. Shuka nitafua mimi."

Bi Mejumaa aligeuza uso kutoka ukutani. Kinywa kilikuwa wazi, kwa mshangao tu. Ruweida akatia kijiko. Mama akameza. Akatia cha pili, kisha kidonge, kisha maji, na mama akameza vyote huku akimtazama kama mgeni aliyeingia bila hodi. Kwenye simu zilisikika honi za magari ya huko.

Angeweza kuishia hapo. Mama amekula, dawa imeingia. Angechukua bakuli, akaenda kuosha, na kesho ingekuwa kama jana. Lakini kulikuwa na neno jingine, lililokaa kooni mwake siku nyingi hata akawa amelizoea.

"Mtaa mzima wauliza kazi ya Riyadh ni halali au ni haramu," alisema. "Na wewe mama wauliza. Ulipoanguka, yeye alikuwa fomu tatu, mimi darasa la sita. Wewe na jamaa mkasema mwanamume asikatizwe masomo. Mkanitoa mimi shuleni nikuuguze, na mimi nilikuwa nataka kusoma. Hilo je, lilikuwa halali? Mbona hakuna hata mmoja aliyeuliza?"