Simama Magharibi

Jumanne, tarehe 14 Oktoba. Asubuhi upepo ulileta vumbi jekundu mpaka ndani ya vikombe. Mke wangu alikung'uta mapazia akinung'unika. Mimi nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, maana mwalimu wetu wa picha alisema vumbi la asubuhi huzaa jua jekundu jioni.

Mimi ni fundi bomba, nina wajukuu, na ni mwanafunzi wa jioni. Mke wangu alikuwa amechoka nalo hilo. "Mchana mabomba, jioni kamera. Mimi nimeolewa na nani?" Tukakubaliana: nikipata picha ya jua leo, naendelea, nikikosa, naacha masomo.

"Basi nisaidie," nikamwomba. "Panda juu ya paa letu, usimame magharibi."

"Nitasimama."

Jioni sisi wanafunzi tulikuwa juu ya paa la chuo, ng'ambo ya bonde, mashariki ya nyumba yetu. Mwalimu, binti wa rika la kitindamimba wangu, alinifungia lenzi nene kama bomba la maji machafu.

"Mzee, hii inavuta. Mtu akiwa karibu, jua linabaki dogo. Akiwa mbali kule, ukamvuta, jua linamzidi. Utazame skrini tu, jicho usilipeleke kwenye tundu la kuchungulia."

Jua likaanza kushuka nyuma ya paa letu. Upande wa magharibi hapakuwa na mtu. Nikapiga simu: imezimwa.

"Shemeji amekutoroka," alisema kinyozi, mwanafunzi mwenzangu. "Ulimwambiaje?"

"Asimame magharibi."

Akashika kichwa. "Mzee wangu! Mcha Mungu kama yule unamwambia magharibi? Anangoja wakati wa sala! Atasimama jua likishazama!"

"Ewe Mola," nikasema. Jua lilikuwa limejaa skrini, ukingo wake ukitetemeka kama maji yanayokaribia kuchemka. Mara, chini ya duara lile, kitu kikainuka. Mke wangu! Kumbe alikuwa ameketi kwenye mkeka wa sala, ukuta mfupi ukimficha. Akasimama, akainua mikono miwili kuomba. Kichwa, vidole, upindo wa mtandio, vyote vilienea ndani ya jua, na nafasi ikabaki.

"Piga!" mwalimu akasema. "Mzee, piga!"

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Sikupiga; nilikuwa namtazama yeye tu, picha nimeisahau. Jua likazama.

Tulipokwisha kusali, mke wangu alifika pale chuoni akihema kwa ngazi. "Haya, nionyesheni."

"Hakuna," nikamjibu, nikamweleza nilivyomwona. Kisha nikamkabidhi mwalimu kamera yake. "Makubaliano ni makubaliano. Lakini mama, pale ulikuwa unaomba nini?"

"Naomba haya madarasa yaishe."

Wote wakacheka. Yeye hakucheka. Aliichukua kamera mikononi mwa mwalimu, akanivisha mkanda shingoni.

"Mwalimu, nanyi nyote, mnisikie. Kesho nitapanda tena pale, simu ikiwa wazi, jua likiwa bado lipo. Na nitapanda kila jioni mpaka mtu huyu apige."