Majina Yaliyokuwa Kwenye Simu ya Fundi

Walisema msusi wa jengo la pili aliingiziwa pesa kwenye simu akiwa bado ameshika kichwa cha mtu. Hakuweka dhamana, hakuleta mdhamini, hakupanga foleni benki. Simu ililia mara moja, akapangusa mafuta mkononi, akatazama, akacheka, kisha akarudi kumalizia msuko wake. Nani alimwona, hakuna aliyejua. Lakini maneno yalitoka dukani yakafika bombani, na kila aliyeyasimulia aliyaongezea chumvi, hata msusi mwenyewe akachoka kukana.

Mama Fundi aliyasikia mara tatu kwa siku mbili, na hayakumtoka. Mguu wake ukikanyaga cherehani, aliyasikia humo humo kwenye mlio wa sindano. Kitinda mimba wake, aliyekuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha maabara, alikuwa amempigia simu: ada ya mtihani ni laki moja na ishirini, mwisho Ijumaa, na asiyelipa atasubiri mwaka mzima. Binti hakulia. Alisema tu, "Usijisumbue, Mama. Mwaka si mwingi." Na hilo ndilo lililomkata maini. Afadhali angelia.

Kazi haikukosekana. Mezani palikuwa na kitambaa cha mashati thelathini ya kampuni ya ulinzi, na malipo yangekuja siku ya kukabidhi. Lakini chuo hakingoji vishikizo. Alhamisi asubuhi akapiga moyo konde, akaenda kwa yule waliyesema ndiye aliyemuunganisha msusi, waliyemwita Mkombozi.

Mkombozi alikuwa kijana nadhifu, mwenye meza ndogo nyuma ya mashine ya kurudufu, katika duka la karatasi. Hakuwa mkopeshaji; aliwapeleka watu kwa wakopeshaji, naye akala katikati.

"Shikamoo, mama yangu. Umekuja kuchukua au kuuliza?"

"Marahaba. Kuuliza."

"Wanaouliza ndio wanaochukua nyingi." Akacheka peke yake. "Elfu kumi ya fomu kwanza."

Akampa. Akangoja risiti. Mkombozi akamtazama kana kwamba ametukanwa. "Risiti ya nini kati ya mama na mwanawe?"

Kisha akaomba simu. Kidole gumba chake kilikimbia juu ya kioo kama panya darini. Mama Fundi alijaribu kusoma. Maneno yalipita kabla hajamaliza mstari.

"Hapo wanauliza nini?"

"Mambo ya mitambo tu. Inataka kukufahamu. Ruhusu. Ruhusu. Ruhusu. Haya, tabasamu nikupige picha na kitambulisho chako."

Alikuwa ameomba laki mbili, akaambiwa ni za mwezi. Simu ilipolia, iliingia laki moja na thelathini.

"Na sabini?"

"Huduma, uchakataji, na bima."

"Bima ya nini?"

"Bima ya mkopo, Mama. Utarudisha laki mbili na arobaini. Siku saba."

"Ulisema mwezi!"

"Mwezi ni kwa wateja wa zamani. Lipa huu, utapanda daraja."

Hapo ndipo angesema, rudisha. Alilijua hilo palepale, akiwa amesimama, mashine ya kurudufu ikimpulizia joto miguuni. Lakini aliuona mlango wa chumba cha mtihani ukifungwa na binti yake yuko nje. Akaenda kulipa ada.

Sasa, Mama Fundi alikuwa na mtindo wake wa kazi. Daftari lake la vipimo lililowa mvua mwaka juzi, wino ukatapakaa, kiuno cha huyu kikawa kifua cha yule. Tangu hapo vipimo akavihifadhi kwenye simu, pale pale penye jina la mteja. Alikuwa ameishia darasa la saba, naye aliandika anachokihitaji, basi: MUUGUZI KIUNO 46 MBISHI WA BEI. MWALIMU BEGA LA KUSHOTO LIMESHUKA. MKUU WA WALINZI TUMBO 48. Simu ikiita, alijua papo hapo ni nani na kitambaa mita ngapi. Ilikuwa siri baina yake na futi yake ya kupimia. Hakumcheka mtu, aliwavika.

Siku ya saba ilimkuta na mashati ishirini na mawili. Alipiga namba ya mkopeshaji, akaomba siku mbili tu. Sauti laini ya kike ikamjibu, "Tumekuelewa, mpendwa mteja."

Kesho yake, kabla hajatia uzi sindanoni, muuguzi alikuwa mlangoni, sare ya kazi mwilini, simu mkononi.

"Mama Fundi, hebu nisomee hapa. Leo siyaamini macho yangu."

Akasoma. *Ndugu MUUGUZI KIUNO 46 MBISHI WA BEI, mtu wako huyu ni tapeli, amekimbia na pesa zetu. Mwambie alipe leo, la sivyo nawe tutakufuata.* Chini yake picha: Mama Fundi, kitambulisho kidevuni, akitabasamu kama alivyoambiwa.

"Wodi nzima wameusoma," muuguzi alisema. "Simu niliiacha mezani. Sasa naitwa Arobaini na Sita."

"Dada yangu, nisamehe. Sikujua..."

"Kubisha bei nabisha, sikatai." Akaifunika simu kwa kiganja. "Lakini kiuno changu nilikupa wewe. Sikuwapa wao."

Akaondoka bila kuchukua gauni lake lililokuwa tayari. Mwalimu hakuja kabisa. Alimtuma mtu achukue kitambaa chake, kikiwa bado hakijakatwa. Saa nne akaingia mkuu wa walinzi, akabaki wima.

"Tumbo nalijua, Mama, natembea nalo," alisema kwa upole, na upole ule ulimuumiza kuliko matusi. "Hilo la utapeli ndilo ambalo wakubwa wangu wameliulizia. Nipe yaliyokwisha. Kitambaa kilichobaki nimeambiwa nirudi nacho."

Akayakunja mashati ishirini na mawili, akampa, na akaambiwa malipo yatajadiliwa. Alipobaki peke yake akavuta pazia. Ukatili huu ulikuwa na akili gani? Mkono ambao ungewalipa ndio waliokuwa wameukata. Kwa saa nzima alikaa amejiinamia, akijiona mwizi kweli, akitafuta alichoiba.

Kisha simu ikaita. Binti yake.

"Mama, nimeletewa ujumbe. Wameniandikia 'Ndugu KITINDA KIFUA 34 ROHO YANGU'. Ulikopa kwa ajili yangu?"

"Umeingia mtihani?"

"Karatasi mbili. Ya tatu ni saa nane. Mama, mimi siwezi..."

"Zima simu, uende ukafanye ya tatu."

"Lakini Mama..."

"Zima simu, nimesema!"

Aliiweka chini. Haya ilikuwa imemwisha. Lile jina la Roho Yangu hakuwahi kumtamkia mtoto wake kwa kinywa, kwani wao hawakuzoea kuambiana hivyo. Na mtu asiyemjua ndiye aliyetangulia kumtamkia, kwa tusi. Akainuka, akatoka. Hata hakufunga duka.

Alimkuta Mkombozi ameinua kiganja, akingoja simu ya mwanamke muuza matunda.

"Usimpe," Mama Fundi alisema.

"Mama, usinivunjie biashara. Sikukutuma ukope."

"Kukopa nimekopa, na nilichopokea nitalipa. Lakini viuno vya watu sikuviweka rehani. Nani alikupa ruhusa?"

"Wewe. Ulibonyeza Ruhusu."

"Kidole kilikuwa chako!"

Mashine ya kurudufu ikanyamaza. Mwenye duka alikuwa ameizima ili asikie. Muuza matunda aliitazama simu yake, kisha akaitumbukiza kifuani, polepole.

"Atarudi," Mkombozi alisema, akitabasamu. "Njaa haina rafiki."

"Huenda," Mama Fundi akajibu. "Ila atarudi akijua."

Alasiri ile alikata kipande cha karatasi ngumu aliyotumia kuchorea mitindo, akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika kwa herufi zake kubwa zinazopanda mlima. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akaitundika mlangoni, upande wa nje, watu wakipita wakisoma, wengine wakicheka, mmoja akisimama muda mrefu.

USITOE PESA ILI UPEWE PESA.

USIMPE MTU SIMU YAKO AKUBONYEZEE. SOMA MWENYEWE, HATA UKISOMA POLEPOLE.

USIKUBALI WASOME MAJINA YALIYO KWENYE SIMU YAKO.

USITOE NAMBA YA SIRI.

USIKOPE KWA ASIYE NA OFISI NA ASIYETOA RISITI.

USICHUKUE KAMA HUJAANDIKIWA UTAPOKEA NGAPI, UTARUDISHA NGAPI, LINI.

USIPOKEE PUNGUFU UKANYAMAZA KAMA MIMI.

USIKOPE KWA WA PILI ILI UMLIPE WA KWANZA.

NA KAMA UMESHAKOPA, USIKAE PEKE YAKO. INGIA. KITI KIPO.