Barua Aliyoigeuza Mama Faili

Barua ya mkurugenzi ilirudi kutoka mtandaoni ikiwa imejaa mistari myekundu, mithili ya daftari la mtoto aliyeshindwa hesabu.

Mama Faili, katibu muhtasi, akavaa miwani. Hakuwa na mazoea ya kusoma barua za siri. Kwa miaka kumi na tisa alizipokea, akazishughulikia, akazituma makao makuu, hana hili wala lile. Programu ya ofisi ilikuwa imekwisha muda wake tangu mwaka juzi na hakuna aliyejishughulisha nayo, kwa hiyo alizigeuza kuwa PDF kwenye tovuti ya bure: unapakia faili, unafunga matangazo ya dawa za kupunguza unene, unasubiri duara lizunguke, unapakua. Kazi ya dakika mbili, na ofisi nzima hakuna mwingine aliyeiweza. Mkurugenzi mwenyewe akiliona lile duara hutokwa na jasho.

Leo aliifungua ili kuhakikisha tu kwamba kurasa hazijavurugika. Lakini tovuti za bure hazina siri. Masahihisho yaliyokuwa yamejificha kwenye kompyuta, hii imeyaanika yote, kilichokatwa na kilichowekwa badala yake.

Chini ya kichwa “Nafasi Zitakazoondolewa” palikuwa na cheo kimoja: katibu muhtasi. Ikafuata sentensi iliyokatwa: “Huyu mama ndiye aliyeishikilia ofisi hii, naomba abakizwe.” Mbele yake, sentensi mpya: “Kazi zake siku hizi hufanywa na zana za bure mtandaoni.”

Binti yake alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuo cha uuguzi, na hakuwa na mwingine wa kumtegemea. Alisoma tena, akiomba macho yawe yamemdanganya. Kilichomuuma zaidi ni ile sentensi iliyokatwa. Laiti isingeandikwa kabisa, angemchukia mkurugenzi na yakaisha. Lakini alimtetea, akafikiri, labda akanywa na chai, kisha akamfuta. Adui utapambana naye. Aliyekuonea huruma akachoka, utamfanya nini?

Mlango wa ndani ukafunguka.

“Mama, bado tu? Wanaitaka kabla ya saa sita,” mkurugenzi alisema.

“Bado kidogo, bosi. Imetoka na masahihisho.”

Mkurugenzi akatazama kioo cha kompyuta, kisha kalenda ukutani, kisha viatu vyake.

“Umeyasoma?”

“Yamejisoma yenyewe.”

“Nilijaribu, mama. Haki ya Mungu nilijaribu. Makao makuu wameirudisha mara mbili.”

“Nimeona, bosi.”

“Sasa… hayo mekundu yanaondokaje?”

Alikuwa anauliza kweli, hakujua. Mama Faili alitamani kumwambia aziulize hizo zana za bure. Lakini ingesaidia nini? Asipoituma yeye leo, itatumwa kesho. Akairudia faili ya awali, akabonyeza kuyakubali masahihisho. Sentensi iliyokatwa ikatoweka, maneno ya chini yakapanda kuziba pengo, na ukurasa ukawa safi kana kwamba hakuna aliyewahi kumtetea. Akapakia. Duara likazunguka. Akatuma.

“Imekwenda.”

“Ahsante, mama. Mungu akubariki.” Hakuondoka. Alijikuna kisogo. “Samahani… ungeniandikia hatua zake kwenye karatasi? Hivi hivi, hata asiyejua kitu aweze kufuata.”

Mama Faili akavuta karatasi. Aliandika hatua sita kwa mwandiko wake wa mviringo, akipigia mstari pale watu wanapokosea. Mwishoni, mkono ukaandika wenyewe kile ulichozoea kuandika chini ya maelekezo yote ya ofisi ile: “Ukikwama, nipigie mezani kwangu, namba 14.”

Aliona alichoandika, lakini mkurugenzi alikwisha kuichukua karatasi na alikuwa anaisoma, midomo ikichezacheza. Alipofika chini, uso ukamkunjuka.

“Kwa hiyo nikikwama, napiga kumi na nne.”

“Ndiyo, bosi,” akasema Mama Faili.