Mchele wa Mgeni

Kaka yangu Placide alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupewa meza yake mwenyewe ndani ya labo, maabara ya sitasyo yetu ya kilimo, pale Kasongo. Meza ya mizani, ile iliyofunikwa kioo, ambayo hata kupiga chafya karibu yake ni marufuku. Mimi Mathilde, ambaye masista walinifundisha shule ya msingi peke yake, nilikuwa namsagia mchele, namfulia vitambaa vya kuchujia, na muda wote uliobaki nilikuwa naangalia.

Kabla ya hapo Placide alikuwa moniteri wa pamba. Alikuwa anapita mashambani kutazama nani amelima na nani hakulima, na nyuma yake walikuja polisi. Watu walikuwa wanamsalimia kwa midomo tu. Mama yetu aliacha kwenda sokoni kwa sababu ya macho ya wanawake. Kwa hiyo siku alipovaa koti jeupe, mama alichinja kuku.

Lakini meza ile alipewa kwa masharti. Daktari wa kambi ya Salamabila alikuwa amelalamika kwamba wachimba dhahabu wake wanaokula mchele wa mashine, matumbo yao yanafunga kama mlango wa kanisa siku ya kazi. Wale wanaoletewa mchele na wake zao wa vijijini wako salama. Bwana Direkteri, Mzungu mkuu wa sitasyo, akamwita Placide.

“Mchele ya mashine na mchele ya kinu, iko tofauti gani?”

“Pumba, Bwana. Na ndani ya pumba iko nyuzi, zile zinasukuma tumbo.”

“Usiniambie. Unionyeshe. Kama hapana, pamba inakungojea.”

Tukapanda lori la sitasyo mpaka Kabambare, kisha kwa miguu mpaka Wamaza, kijiji cha wake wengi wa wale wachimbaji. Kule mkubwa wa wanawake ni Mama Faida, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alipomwona Placide alishika kiuno.

“Moniteri! Umemaliza pamba yetu, sasa umekuja kuhesabu vinu?”

“Niliacha pamba, mama. Sasa ninasoma chakula.”

“Kusoma chakula! Siye tunakikula, wewe unakisoma. Ndiyo maana umekonda.”

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Placide akacheka nao, akaeleza vizuri kwamba anaomba mchele kidogo kutoka kila nyumba, ule wanaokula wenyewe kila siku. Wakakubali. Kesho yake vinu vililia asubuhi nzima, na kuku wa Wamaza walikuwa wamelala juu ya pumba chini ya kila kinu, wameshiba mpaka hawakimbii mtu. Jioni tukapokea vikapu. Mchele mweupe, unang'aa kama meno ya mtoto. Mama Faida mwenyewe alinifungia wa kwake ndani ya jani la ndizi.

Labo, kazi ni hivi. Mimi nasaga. Placide anachemsha unga ndani ya asidi, anachuja kwa kitambaa cha kitani, anauchemsha tena kwa soda kali, anachuja. Maji yale ya moto yanakwenda na wanga wote. Ukitaka kujua ulivyo mwingi, chukua unga kidogo kabla, utie tone la iyodi, ile dawa ya kahawia ya vidonda, utaona unageuka buluu nyeusi kama usiku. Kinachobaki juu ya kitambaa, kama vumbi la kijivu lenye vinywele, ndiyo nyuzi.

Mchele wa Wamaza haukuacha kitu. Buluu tupu, na kitambaa kisafi. Placide akarudia na wa nyumba nyingine. Kitambaa kisafi. Bwana Direkteri akaja, akaangalia, akaweka kando yake kitambaa cha mchele wa mashine. Vilikuwa mapacha.

“Iko sawasawa,” akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililouma. “Nitangoja mpaka mwisho wa mwezi.”

Placide alikaa, mikono juu ya magoti. “Basi nilidanganyika,” akaniambia. “Kumbe wanakula mweupe.”

Mimi nilikuwa nafua kitambaa, na mawazo yangu yalikuwa kwa wale kuku. Kuku wa kijiji wanapigania kidogo wanachopewa. Wale walikuwa wamelala juu ya pumba.

“Yaya,” nikamwambia, kama tunavyomwita kaka mkubwa, “kwetu, padri akija kula, mama anatwanga mara ngapi?”

Alinyanyua kichwa. Tuliangaliana, halafu akajipiga kofi kwenye paji la uso, akaanza kucheka peke yake.

“Walitutwangia mchele wa mgeni!”

Nani asiyejua? Mchele wa nyumbani unatwangwa mara moja, unapepetwa haraka, watoto wanangoja. Lakini wa mgeni unarudishwa kinuni mpaka uwe mweupe, maana kumpa mgeni mchele wenye pumba ni kumwambia hukumtaka. Sisi tuliomba kwa heshima, tukapewa heshima. Placide alikuwa anajua jambo hilo tangu akinyonya, lakini koti jeupe lilikuwa limemsahaulisha kwamba sasa yeye ni mgeni.

Tukarudi Wamaza. Mama Faida aliposikia tunachotaka, alikasirika kweli.

“Nikupe pumba zangu upelekee Wazungu? Waseme wanawake wa Wamaza ni wavivu? Hapana. Hata ukilia.”

Placide akaanza kueleza habari ya nyuzi na matumbo ya wachimbaji. Nikamvuta mkono. Mtu mwenye aibu humfundishi. Nikafunga kitenge vizuri, nikaenda kwenye kinu cha jirani yake, Léocadie, ambaye alikuwa anatwanga peke yake, nikachukua mchi wa pili. Akanisogezea nafasi. Tukapokezana, mchi juu mchi chini. Placide naye akataka kushika mchi, wanawake wakapiga kelele: “Mwanaume aende kuchota maji!” Akaenda, na ndoo, na koti lake jeupe.

Mwenye kushika mchi si mgeni. Akimaliza anapewa fungu lake palepale, kama lilivyo, kabla halijarudishwa. Léocadie alinipa langu ndani ya kikombe. Nikahamia nyumba ya pili, na ya tatu, mpaka viganja vikatoka malengelenge, na mwisho nikafika kwa Mama Faida. Alinitazama nikitwanga mpaka nikamaliza. Kisha akachota mchele wake wa rangi ya udongo, akanimiminia.

“Ni fungu yako. Ukipelekea Wazungu, aibu ni ya kwako, si ya kwangu.”

“Ya kwangu, mama.”

Safari hii, Placide alifungua kitambaa cha kwanza. Alinisogezea. Nyuzi zilikuwa zimejaa, kijivu, nzito, kama ukungu ulioganda. Cha pili vilevile. Cha Mama Faida kilishinda vyote. Bwana Direkteri akapima mwenyewe, akaamuru turudie mbele yake, tukarudia, ikatoka ileile. Akauliza kwa nini mara ya kwanza haikuwa hivi. Placide akamweleza yote, na Mzungu yule akavua miwani, akacheka mpaka akakohoa. Halafu akampa Placide mkono, mbele ya watu wote wa labo.

“Meza iko yako. Na dada yako akusaidie hapa, si kule kwenye beseni.”

Kambi ya Salamabila ikaomba mchele wa kinu kutoka Wamaza. Placide akasema ni mimi nipeleke habari. Mama Faida alinisikiliza, amekunja mikono.

“Kwa hiyo Muzungu aliona pumba yangu.”

“Aliiona, mama. Ya kwako ilishinda ya wote.”

“Ya wote? Hata ya Léocadie?”

“Hata ya Léocadie.”

Alijaribu kununa, akashindwa. “Na ule mweupe, hawautaki?”

“Hawautaki.”

“Basi watakula kama watoto wangu,” akasema, akageuka upande wa ng'ambo ya mto, akaanza kuita majina ya wanawake, moja moja, kwa sauti yake ile.