Kifungu cha Saba

Chamani walimwita Kwanini, naye hakuchukia. Mwalimu huyu wa hesabu, katibu wa vijana, hakuweza kulimeza jambo kabla ya kuliuliza.

Wiki hiyo vijana walikuwa wamependekeza chama kipinge maji kuuzwa kwa makampuni. Mwenyekiti, mjomba wake, kaka wa mama yake tumbo moja, aliisukuma karatasi yao kando. "Mawazo ya kuokota mitandaoni. Chama hiki hakijawahi kusema hivyo."

Hakijawahi? Neno hilo lilimganda Kwanini kichwani. Jumamosi asubuhi akafungua kabati la chuma la ofisini, akapiga chafya mpaka machozi yakamtoka, na chini ya mabango ya zamani akaikuta ilani ya kwanza. Kifungu cha saba: maji ni ya umma, hayauzwi. Chini yake, saini ya mjomba.

Hakutaka kumuumbua. Alitaka kujua. Akaichukua ilani, akaenda moja kwa moja nyumbani kwake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja kugombana?"

"Nimekuja kuuliza."

"Afadhali ugomvi," alisema mzee, akavaa miwani. Alisoma, akarudia, kisha akacheka kidogo. "Taipureta ile ilikuwa inaruka herufi r."

"Ilikuwaje ukabadilika?"

"Nilipewa wizara ya maji. Mitambo ikafa mmoja baada ya mwingine, kila mkubwa ameajiri shemeji yake. Maji ya umma, na umma unachota madimbwini. Ndipo nikasema waje wenye makampuni."

"Wamekuja. Mtaani kwetu bomba lina maji, na kufuli juu yake."

"Hilo nalo ni kweli."

"Mbona hukutueleza haya, ukatutukana?"

"Mlinitazama kama mwizi, mwanangu. Ningeanzia wapi?"

Jumatano, mbele ya halmashauri, Kwanini alikisoma kifungu kile. Kisha mwenyekiti akasimama, akasimulia habari za mitambo na mashemeji, bila kujipamba. Kwa mara ya kwanza vijana hawakumzomea.

Pendekezo lilishindwa kwa kura tatu. Kwanini alihesabu mikono mara mbili. Wa mjomba haukuwamo upande wowote.

Alimwahi kwenye ngazi, moyo ukimwuma kwa kushindwa, lakini swali likimwasha zaidi. "Mjomba, kwa nini hukupiga kura?"

"Bado nafikiri," alisema mzee, akamshika bega ili ashuke.