Futi Kumi na Moja za Dubu wa Markel

Dubu alipasuka kwapani siku chache kabla ya wageni wa kiangazi kuanza kushuka Kasitnak. Miaka yote alikuwa amesimama juu ya mwamba wake wa plasta katika ukumbi wa kijiji, mikono juu, kinywa wazi, masikio yakikaribia dari. Asubuhi hiyo mtu wa kwanza kuja kuchemsha kahawa alikuta unga mweupe sakafuni, akainua macho, akaona ufa mrefu chini ya mkono wa kushoto. Akaweka birika chini na kwenda kumwita Akulina.

Akulina ndiye aliyeshika funguo za ukumbi. Alitazama ufa, akaguna, akampigia simu Zoya.

Zoya alizaliwa palepale Kasitnak, ila siku hizi aliishi mjini, upande wa pili wa kisiwa cha Kodiak, akifanya kazi ya kuvisha ngozi za wanyama kwenye maumbo ili wasimame kama walio hai. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa majarida ya zamani na kwa bata wengi waliokufa mara mbili, mara ya pili mikononi mwake. Alikuja na ndege ndogo ya barua, sanduku la zana magotini, akaenda moja kwa moja ukumbini.

“Mshone tu, shoga,” Akulina alimwambia. “Wageni wanakuja kumwona huyu. Sisi wengine hata wakitukanyaga hawatatuona.”

Zoya alipanda ngazi, akabonyeza ngozi kwa kidole gumba. Ilikuwa imekaza kama suruali ya mtu aliyenenepa baada ya kuinunua. Alipojaribu sindano pembezoni, ukingo ulimeguka kama biskuti. Akashuka taratibu, akaeleza kwamba akishona hapa leo, kesho itapasuka pale, na safari ya tatu hapatakuwa na ngozi ya kushona. Ilibidi dubu avuliwe ngozi yote, ilainishwe, ipumzike, ndipo ijulikane la kufanya.

Akulina alitaka kujua jambo moja tu: akirudi atakuwa futi zilezile kumi na moja? Kibao kilichokuwa miguuni mwa dubu kilisema hivyo, kwa herufi nyekundu. Zoya akasema hajui bado. Akulina hakulipenda jibu hilo, wala hakuficha.

Pembeni, kwenye meza ya kahawa, alikaa Mzee Markel, aliyempiga risasi dubu huyo zamani, Zoya akiwa bado mtoto wa kubebwa. Alikuwa mume wa marehemu Anfisa, dada yake Akulina. Alikaa kama alivyokaa siku zote, mgongo akiwa amempa dubu. Kijijini walisema mtu aliyewahi kumwona kwa karibu namna ile hana haja ya kumwangalia tena. Zoya naye alikua akiamini hivyo.

Ngozi ilihitaji mahali penye unyevu na joto kidogo, na mahali pa namna hiyo palikuwa pamoja tu kijijini: banya ya Akulina, kile chumba cha mbao cha kuogea kwa mvuke. Jiwe la moto likaachwa lipoe, mashuka yaliyoloweshwa yakatandikwa, dubu akalazwa. Waliozoea kuoga pale Jumamosi walirudi na taulo zao mabegani, wakilalamika njia nzima kwamba Kasitnak sasa dubu anaoga kuliko watu.

Markel ndiye aliyemsaidia Zoya kubeba mashuka. Walipomaliza hakuondoka. Alikaa kwenye benchi, akavua kofia, akaizungusha mikononi.

“Zoya, mwanangu, nitakuambia kitu, usinicheke,” alisema. “Huyu si dubu wangu.”

Zoya hakucheka. Aliuliza kwa nini anasema hivyo.

Wake alikuwa mkubwa, Markel alieleza, hilo halikatai. Alimkuta ndani ya kibanda cha kukaushia samaki, miguu minne chini, akila samoni waliowekwa akiba ya majira yote ya baridi. Alipoinua kichwa walitazamana usoni, macho kwa macho. Hakusimama, hakuinua mikono, hakunguruma. Alitafuna tu. Kisha ngozi ikasafirishwa bara kwa fundi, na baada ya mwaka mzima meli ikaleta sanduku refu kama mtumbwi. Walipolifungua, Markel alijikuta anafika kwenye kitovu cha dubu.

“Nikasema moyoni, wamechanganya mizigo. Wangu yuko kwa tajiri fulani huko, nami nimeletewa wake.”

“Na hukusema, Mjomba?”

“Niseme saa ngapi? Akina mama walishaoka piroki za samaki, meza imejaa. Baba yako alikuwa juu ya kiti anahutubia. Nikamnong’oneza Anfisa, akaniambia nyamaza, kula.”

Basi alinyamaza na kula, na kila alipotakiwa kusimulia kisa aliona anasimulia chini ya mnyama wa mtu mwingine. Ndiyo maana alimpa mgongo. Lakini ilikuwapo alama. Alipokuwa anachuna, kisu kiliteleza nyuma ya mkono wa kushoto, kikachana ngozi, na Anfisa akaishona papo hapo kwa uzi wa kijani wa kutengenezea nyavu, huku akimtukana.

“Kama ni yeye, uzi upo. Kama haupo, nitasimama ukumbini niwaambie watu wote nimekula sifa isiyo yangu. Sitaki kufa nayo.”

Zoya alimwahidi kwamba akifika pale atamwita, liwe liwalo.

Alifumua mishono pole pole. Alianzia tumboni, kwa kuwa huko ndiko ngozi ilikuwa na nafuu, akaacha kwapa la kushoto mwisho. Alipofika, alichokiona kwanza hakikuwa uzi wa kijani. Ilikuwa ngozi nyingine, nyeusi zaidi, manyoya yake mafupi, iliyoingizwa katikati na kupakwa rangi ifanane. Ngozi ya dubu mwingine kabisa. Zoya akaketi kwenye benchi. Alimfikiria Markel akisimama mbele ya watu na kofia yake mkononi, na kwa muda akatamani asingejua kazi hii.

Lakini hakuwa mtu wa kuhukumu kwa jambo moja. Alirudi, akapima kile kipande. Kilikuwa chembamba kama mshipi. Akatafuta upande wa kulia, akakuta kingine. Tumboni kingine. Vyote viliwekwa pale ambapo umbo lilikuwa limeizidi ngozi, kama mshonaji anavyoongeza kitambaa pembeni mwa gauni. Akavitoa vyote. Ngozi yenyewe, ilipoachiwa, ilianza kujikunja kurudi ilikotoka, na kila alipoinua shuka aliikuta imepungua kidogo, kana kwamba inashusha pumzi. Ilipotulia aliipima: kutoka pua hadi mkia, kutoka kucha hadi kucha, akatafuta katikati ya vipimo hivyo viwili kama wafanyavyo wawindaji wote wa kisiwa. Futi tisa na kitu.

Ndipo alipoigeuza upande wa ndani. Nyuma ya mkono wa kushoto, pale kipande cheusi kilipokuwa kimefunika, palikuwa na kovu refu kama kidole, na mishono ya kijani.

Alimwita Markel. Akulina naye alikuja, kwa sababu banya ilikuwa yake na kwa sababu alishasikia habari ya futi tisa. Aliingia akiwa na maneno yake tayari. Kisha akaona uzi, akainama kuutazama.

“Hilo fundo ni la Anfisa,” alisema. “Alikuwa anazungusha mara mbili. Mama alimgombeza kila siku, anamaliza uzi bure.”

Markel alipiga magoti kwa shida, akaweka kidole juu ya mishono. Alipoinua uso alikuwa na swali.

“Sasa hizo futi nyingine zilitoka wapi?”

Zoya aliuliza siku ile ngozi ilipimwaje. Markel akaanza kueleza, na katikati ya maelezo sauti yake ikapungua. Ngozi ilikuwa mbichi. Iliwekwa ufukweni, na kama ilivyo desturi, kila aliyekuja kupongeza alishika upande wake na kuvuta kidogo. Baba yake Zoya alivuta pua. Wajomba wawili walishika mikono. Na mguu wa nyuma…

“Mguu wa nyuma ulikuwa wako, shemeji,” Markel alimwambia Akulina. “Ulikita visigino kwenye changarawe.”

“Nilikuwa msichana,” Akulina alisema. “Nilikuwa na nguvu.”

Fundi wa bara alikuwa ametumiwa kipimo hicho cha futi kumi na moja, akaagiza umbo la kulingana nacho, na ngozi ilipokataa kufika, akaongeza vipande na kuvuta. Hapakuwa na mwizi wala mzigo uliochanganywa. Kijiji kizima kilikuwa kimempenda dubu mpaka akarefuka.

Markel alianza kucheka kimya kimya, mabega yakitikisika, hadi ikabidi wamshike wamwinue.

Akulina alijaribu mara ya mwisho, bila nguvu nyingi. Alisema wageni wamezoea mkubwa. Markel akavaa kofia yake.

“Mweke kama nilivyomkuta,” alimwambia Zoya. “Miguu minne. Kichwa juu. Na umpe samaki.”

Wageni wa kwanza walikuta mwamba mtupu. Wa kiangazi kilichofuata walimkuta dubu akiwa chini, karibu na mlango, samoni mmoja mbele ya pua yake. Akulina alikaa karibu na birika akisubiri malalamiko. Waliingia wakiongea, wakageuka, wakarudi nyuma hatua kwa pamoja. Zamani walikuwa wanatazama tumbo. Sasa alikuwa anawatazama wao.

Kibao kilipakwa rangi upya: futi tisa. Akulina aliongeza “na kitu” kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna aliyembishia.

Mzee Markel bado huja asubuhi kunywa kahawa. Amekihamisha kiti upande wa pili wa meza, ambako akiinua kikombe wanatazamana usoni.