Uzi wa Gunia Nyuma ya Soketi

Bi Shufaa alikuwa ameshatoa hukumu kabla fundi hajafungua hata sanduku lake la vifaa. Alisimama katikati ya chumba cha nyuma, kanga begani na koti la sufu juu yake, maana Julai ya Johannesburg haina adabu, akainyooshea kidole soketi iliyoungua ukutani.

"Huyu Mrundi ndiye aliyeichoma," alisema. "Jiko lake hilo la umeme la pleti mbili! Asubuhi maharage, jioni maharage. Nimempa mpaka kesho Jumapili ahame. Wewe nitengenezee tu, mwanangu, nimweke mtu mwenye akili zake."

Huyo Mrundi, Aloys kwa jina, alikuwa papo hapo anasikia yote. Alisimama mlangoni kando ya mabegi mawili yaliyokwisha kufungwa kamba na godoro la mtoto lililoegemezwa ukutani, kofia yake ya kazi ya kulinda magari maegeshoni ameishika kwa mikono miwili. Nje, kwenye kijua cha asubuhi, mkewe Emérite alikuwa anambembeleza mtoto mgongoni.

"Mama, vraiment, kweli kabisa, siyo mimi," alisema taratibu. "Jiko nilikuwa nalizima kila mara."

"Lisemwalo lipo," Bi Shufaa akamjibu. Na aliyelisema ni yeye mwenyewe, peke yake, kutwa mara tatu, lakini nani wa kumwambia?

Fundi Khatibu hakumwambia. Mdomo wa Bi Shufaa ndio uliomjengea jina mjini hapa. Kila akienda Mayfair kununua viungo, mama huyu hakosi kumtaja: fundi wa umeme ni mmoja tu, kijana wetu wa Tanga, wengine wote wachoma nyumba. Kwa maneno hayo Khatibu alikuwa ameingia nyumba za Wasomali, za Watanzania, hata za mabwana wa Sandton. Mtu hauchezei mdomo wa namna hiyo.

Akaenda ukumbini, akazima swichi kubwa, akarudi na testa yake. Akaigusisha kwenye soketi mara mbili, maana umeme hauna undugu na mtu. Taa haikuwaka. Akapiga magoti kwenye sakafu ya mbao iliyolia chini yake. Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali ya zamani, dari ya bati lenye nakshi za maua, mojawapo ya zile za mtaa wa Turffontein zinazofanana kama watoto wa mama mmoja. Bi Shufaa aliinunua mwaka juzi kwa watoto wa marehemu mzee mmoja wa Kireno.

Khatibu akalegeza skrubu, akaivuta soketi taratibu. Harufu ya mpira ulioungua ikamjia puani. Nyuma ya soketi, waya kongwe za nyumba zilikuwa zimesokotwa pamoja na waya mpya zaidi, zikafungwa tepu nyeusi iliyogeuka kaa. Na juu ya tepu, umekaushwa na moto lakini bado umeshika, ulikuwapo uzi wa gunia la mchele, mizunguko mitatu na fundo.

Akaugusa kwa ncha ya kidole.

Fundo lile alilijua. Alifundishwa Tanga, na mzee aliyemlea kikazi, Mzee Naseeb, ambaye hakuiamini tepu hata siku moja. Joto la Tanga huyeyusha gundi, alikuwa akisema, tepu ikajikunjua yenyewe. Ifunge kwa uzi wa gunia, mizunguko mitatu, ulale usingizi. Hapa Johannesburg Khatibu hajawahi kumwona fundi mwingine afungaye hivyo. Na yeye mwenyewe aliacha miaka mingi, tangu aliposoma kazi upya na kupata cheti.

Basi kikulacho ki nguoni mwako. Miaka tisa nyuma, alipofika mjini hana hili wala lile, tajiri mmoja alikuwa akimpakia nyuma ya bakkie, pikapu yake, pamoja na mabomba na ngazi, akimshusha nyumba hii na ile, na jioni akimzoa. Khatibu hakujua hata majina ya mitaa, ndiyo maana leo hakuitambua nyumba hii. Alijua tu kwamba akiuliza waya za hapa huunganishwaje, tajiri atagundua kuwa fundi wake ni wa kubahatisha, na kesho hatampakia. Kwa hiyo hakuuliza. Alisokota, akapiga tepu, akafunga uzi. Uzi ulishika vizuri, lakini waya kongwe zililegea ndani ya tepu mwaka hadi mwaka, na penye ulegevu umeme hutia moto. Hata birika la chai lingeichoma soketi hii. Jiko la Aloys lilikuwa na bahati mbaya tu ya kuwapo siku yenyewe.

"Vipi, fundi?" Bi Shufaa akauliza. "Si nilikwambia?"

"Naangalia, Bi Shufaa."

Akautia mkasi uzi ule, akaukunja, akautumbukiza mfukoni. Hakuna aliyeona. Bi Shufaa akaenda jikoni kuchemsha chai kwenye gesi, akisonya njia nzima.

Khatibu akafanya kazi, na safari hii alifanya kama inavyotakiwa. Alizitoa waya kongwe zote ndani ya bomba la chuma lililomo ukutani, akavuta mpya kutoka boksi la umeme mpaka pale, nyekundu, nyeusi na ile ya kijani. Hakusokota kitu. Kila waya aliiingiza kwenye tundu lake, akakaza skrubu, akaivuta kwa nguvu kuona kama itachomoka. Haikuchomoka. Mikono ilikuwa imetulia kabisa. Ambacho hakikutulia ni ule uzi wa mfukoni.

Aloys akasogea, akachuchumaa karibu naye.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini, "niambie ukweli. Sitagombana. Kuhama nitahama. Nataka kujua tu, ni mimi?"

Khatibu akajifanya anatafuta bisibisi.

"Mwanzo nilijua siyo mimi," Aloys akaendelea. "Lakini mtu akiambiwa kila siku, anaanza kujiuliza. Labda siku moja nilichoka, nikasahau kuzima. Mtoto alikuwa amelala hapa, chini ya hii soketi. Wiki tatu sasa hatuwashi kitu, hata hita, na baridi hii. Mke wangu anamwogesha mtoto kwa maji ya moto ya kuomba kwa jirani. Naogopa mkono wangu mwenyewe."

Loo! Hapo Khatibu aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Jina lake Mayfair, lote, lilikuwa limekaa juu ya mgongo wa mtu anayeogopa mkono wake.

Bi Shufaa akaingia na vikombe. "Kunywa, mwanangu. Ijumaa nikienda Mayfair..."

"Bi Shufaa, niliyeichoma ni mimi."

Akautoa uzi, akauweka juu ya kiganja, akaeleza yote: bakkie, tajiri, tepu, fundo, na woga wa kuuliza. Hakujitetea. Alipomaliza, akamgeukia Aloys. "Siyo wewe, kaka. Hukusahau kitu. Nisamehe."

Bi Shufaa alikitua kikombe chini polepole. "Khatibu! Mimi nimekusifia mji mzima!"

"Najua. Ukiwaambia na hili, ni haki yako."

"Nitawaambia!" akafoka. "Nitaachaje?" Kisha akaanza kumtazama Aloys, akashindwa, macho yakaishia kwenye mlango. Kuomba radhi ni kitu ambacho mama yule hakuzaliwa nacho. Akavuta koti lake, akapaza sauti kuelekea nje: "Emérite! Hili godoro linafanya nini mlangoni? Mtoto atalala wapi leo? Hebu lirudisheni, na hayo mabegi fungueni!"

Aloys aliinamia kamba za begi la kwanza, akashindwa kulifungua fundo mpaka Emérite alipokuja kumsaidia. Ndani ya begi lile, chini ya nguo za mtoto, ndimo lilimokuwa jiko la pleti mbili.

Khatibu akawasha swichi kubwa. Testa ikawaka palipotakiwa, ikazima palipotakiwa. "Haya, chomeka," akamwambia Aloys.

"Chomeka wewe."

Khatibu akachomeka. Emérite akateleka sufuria ya maharage. Pleti ikaanza kuwa nyekundu, na Aloys akaketi sakafuni, akauweka mkono wake ukutani, juu ya soketi.

"Baridi," alisema.

"Itabaki baridi."

"Ngoja kwanza."

Khatibu akaketi kando yake, wakangoja pamoja. Bi Shufaa aliingia na kutoka mara nne, mara ya mwisho na kitunguu na nazi ya kopo, akaviweka kando ya sufuria. Aloys hakuutoa mkono ukutani mpaka maharage yalipoiva.